Sekunde Tisa za Nyanya: Somo la Usalama wa Waenda kwa Miguu Suneka

Mkazi wa Suneka, somo la toleo hili halihitaji kitabu. Linahitaji miguu yako, macho yako na saa ya simu.

Simama asubuhi kando ya barabara kuu mahali ambapo watu huvuka kwenda sokoni, kituoni au shuleni. Usivuke. Tazama tu. Hesabu sekunde tangu mtu anapokanyaga lami hadi anapofika upande wa pili. Mhesabu kijana mmoja, mwanafunzi mmoja, mama aliyebeba mtoto mgongoni, na nyanya mmoja anayetembea kwa mkongojo. Andika sekunde za kila mmoja.

Mtu mzima mwenye nguvu hutembea takriban mita 1.2 kwa kila sekunde. Lami ya njia mbili ina upana wa karibu mita 7, kwa hiyo ataivuka kwa sekunde sita hivi. Nyanya mwenye magoti mabovu hutembea takriban mita 0.8 kwa sekunde. Yeye atahitaji sekunde tisa.

Tofauti yao ni sekunde tatu tu. Somo letu lote limo ndani ya sekunde hizo tatu.

Hesabu ya kuvuka

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Kijana akianza kuvuka, gari hilo litakuwa limesogea mita 83 kabla hajamaliza. Nyanya akianza kuvuka, litasogea mita 125.

Sasa ongeza kasi. Gari la kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Kijana anahitaji nafasi ya mita 133. Nyanya anahitaji mita 200, yaani urefu wa viwanja viwili vya mpira vikipangwa mwisho kwa mwisho.

Jiulize: katika mahali unapovuka kila siku, je, unaona mita 200 za barabara upande wa kulia na mita 200 upande wa kushoto? Mara nyingi huoni. Kuna kona, kuna kilima, kuna lori limeegeshwa, kuna matatu inayoshusha abiria, kuna kibanda. Kijana ataona gari likitokeza na atakimbia. Nyanya hawezi kukimbia. Alitazama kulia na kushoto kama alivyofundishwa, barabara ikawa tupu, akaanza safari yake kwa uangalifu wote, na bado gari likamkuta katikati.

Ajali kama hiyo ikitokea, watu husema, "Alivuka vibaya." Hesabu inasema vingine. Mahali pale hapakumpa nafasi ya kuvuka. Barabara ilipimwa kwa mguu wa kijana.

Hilo ndilo tunalotaka kila msomaji abaki nalo: barabara inayopita katikati ya watu ipimwe kwa mguu wa anayetembea polepole kuliko wote. Ikimfaa yeye, itatufaa sote.

Kwa nini Suneka?

Suneka imekaa juu ya barabara ya A1, ile inayotoka mpakani Isebania, ikapita Migori, Rongo, Suneka na Kisii mjini hadi Ahero. Barabara hiyo ilikarabatiwa kwa ufadhili wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Ni barabara ya mataifa: malori ya masafa marefu, mabasi ya usiku na magari ya mizigo kutoka Tanzania huipita. Lakini ni barabara ya mtaani pia. Mtoto huivuka akienda shule, mama mboga huivuka akiwa na ndizi kichwani, mgonjwa huivuka akitafuta matatu ya kwenda hospitalini.

Dereva aliyetoka mbali anaiona kama sehemu moja tu ya safari ndefu. Mkazi anaiona kama ua wa nyumba yake. Lami nzuri imetuletea biashara na kutufupishia safari. Imeleta pia kasi, na anayelipia kasi hiyo kwanza ni yule asiye na gari.

Kwa takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, watu 4,324 walifariki katika ajali za barabarani nchini Kenya mwaka wa 2023. Kundi kubwa zaidi miongoni mwao lilikuwa la waenda kwa miguu. Mtu asiye na bima ya gari, asiyehitaji leseni, asiyemzidi mtu yeyote kasi, ndiye anayekufa zaidi.

Kasi: mita 28 dhidi ya mita 60

Sheria ya Trafiki, sura ya 403, inasema wazi kwamba ndani ya mji au kituo cha biashara gari lisizidi kilomita 50 kwa saa. Sheria haisemi "isipokuwa barabara ikiwa nzuri" wala "isipokuwa ikiwa usiku." Suneka ni kituo cha biashara. Dereva akifika kwenye nyumba na maduka, kasi hiyo ndiyo mwisho.

Kwa nini 50? Tuchukue madereva wawili walio na breki nzuri kwenye lami kavu. Mmoja yuko katika kilomita 50, mwingine 80. Wote wawili wanamwona mtoto akiingia barabarani, mita 30 mbele yao. Kila mmoja anachukua sekunde moja kushtuka na kukanyaga breki.

Dereva wa kilomita 50 atasimama baada ya takriban mita 28. Mtoto ataogopa, atalia, atafika nyumbani.

Dereva wa kilomita 80 atakuwa ametumia mita 22 kabla hata ya breki kuanza kushika. Pale mwenzake aliposimama kabisa, yeye bado anakwenda kwa kasi inayozidi kilomita 70 kwa saa. Atahitaji karibu mita 60 ili asimame. Mtoto alikuwa mita 30.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kasi ya wastani ikiongezeka kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4. Linasema pia kwamba gari likimgonga mtu kwa kilomita 65 kwa saa badala ya 50, uwezekano wa mtu huyo kufa huzidi mara nne na nusu. Kilomita 15 zaidi kwa dereva ni jambo dogo. Zinampunguzia dakika chache kati ya Rongo na Kisii. Kwa aliye mbele yake ni uhai.

Na hapa kwetu mvua hunyesha miezi mingi ya mwaka. Lami iliyolowa, yenye matope mekundu yaliyoletwa na magurudumu kutoka barabara za udongo, hurefusha umbali wa kusimama hata zaidi. Dereva mwenye busara hupunguza kasi chini ya 50 mvua inaponyesha, na akiona watoto wenye sare za shule hupunguza tena.

Ndiyo sababu ya matuta. Wengi hulalamika kwamba matuta yanaharibu magari. Tuta zuri lenye rangi, ishara na taa ni askari asiyelala, asiyechukua likizo. Tuta baya ni lile lisilo na rangi wala ishara, ambalo dereva hulikuta ghafla gizani. Kwa hiyo mwananchi asiombe tuta peke yake. Aombe tuta, alama na mwanga.

Kando ya barabara ni ya nani?

Ajali nyingine hutokea mtu akiwa havuki. Anatembea tu kando ya lami, kwa sababu pale pa kutembea pamejaa.

Tembea mita 100 kandokando ya barabara siku ya soko na uhesabu mara ngapi unalazimika kushuka kwenye lami. Utakuta bodaboda zimepangwa mstari mzima. Utakuta mitumba imetandazwa, mikungu ya ndizi imerundikwa, kokoto na mchanga wa mjenzi umemwagwa, gari limeegeshwa na mlango wake umefunguliwa. Utakuta mtaro wa maji usio na kifuniko. Kila kizuizi kimoja kinamsukuma mtu hatua mbili ndani ya lami, na mara nyingi anashuka akiwa ameyapa magari mgongo.

Hatusemi wachuuzi wafukuzwe. Mchuuzi anaishi kwa mpita njia, na mpita njia humhitaji mchuuzi. Waendesha bodaboda nao ni vijana wetu wanaotafuta riziki. Tunachosema ni mpango. Mtu mmoja kwenye kiti cha magurudumu anahitaji upana wa sentimita 90 ili apite. Watu wawili wenye viti hivyo wakikutana wanahitaji mita 1.8, karibu urefu wa mtu mzima aliyelala. Tukiacha ukanda wa upana huo ukiwa mtupu tangu mwanzo hadi mwisho wa soko, bidhaa zikae nyuma yake upande wa maduka, wateja wataendelea kuja. Watakuja hata zaidi, maana mteja asiyeogopa kugongwa husimama, huchagua, huuliza bei.

Chama cha wachuuzi au cha bodaboda kinaweza kupiga mstari huo kwa chokaa Jumamosi moja. Hakihitaji bajeti ya serikali. Kinahitaji makubaliano na mtu wa kukumbusha wenzake.

Dereva na mwendesha pikipiki wakumbuke pia: kupitisha chombo juu ya njia ya waenda kwa miguu ni kosa chini ya Sheria ya Trafiki. Msongamano wa magari hauigeuzi njia hiyo kuwa ya mkato.

Wale ambao hawakupimiwa

Tumezungumza kuhusu nyanya. Wako wengine.

Mtu asiyeona hutembea kwa fimbo nyeupe na kwa kumbukumbu. Anajua kwamba kutoka dukani hadi kituoni ni hatua fulani na mtaro uko upande fulani. Pikipiki iliyoegeshwa leo mahali ambapo jana hapakuwa na kitu ni ukuta kwake. Mtaro uliofunguliwa bila kizuizi ni shimo la kumvunja mguu. Ukimkuta akisubiri kuvuka, msalimie kwanza, umwulize kama anataka usaidizi, umpe kiwiko chako akishike. Usimvute mkono wala fimbo.

Kiziwi hasikii honi. Dereva anayepiga honi bila kupunguza kasi anadhani ameonya, kumbe hajamwonya aliye mbele yake. Honi haiondoi wajibu wa breki.

Anayetumia kiti cha magurudumu huzuiwa na ukingo wa sentimita 15 kama vile wewe ungezuiwa na ukuta. Dawa yake ni mteremko laini. Kipimo kinachotumika sana ni moja kwa kumi na mbili: kwa kila sentimita moja ya kupanda, mteremko uwe na urefu wa sentimita 12. Kwa hiyo ukingo wa sentimita 15 unataka mteremko wa mita 1.8. Fundi akimwaga saruji kidogo yenye mwinamo mkali, ametengeneza mtego: kiti kitarudi nyuma au kitapinduka. Mteremko huohuo utamfaa mama mwenye mtoto, msukuma mkokoteni na mzee wa mkongojo.

Mtoto mdogo ana kimo kifupi. Haonekani nyuma ya gari lililoegeshwa, naye haoni mbele yake. Bado hajui kukadiria kasi ya gari linalokuja. Kumfundisha ni lazima, lakini mafunzo pekee hayatoshi. Mtu mzima ndiye anayepaswa kumlinda.

Haya si mambo ya huruma. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma kwa njia inayomfaa. Soko lisilofikika ni haki iliyonyimwa.

Waliofanya wakafaulu

Jirani zetu wa Dar es Salaam wametuonyesha kwamba si lazima kungojea fedha nyingi. Shirika liitwalo Amend lilianza mpango wa kukagua na kuboresha maeneo ya shule za msingi ambako watoto wengi walikuwa wakigongwa. Walianza kwa kutembea na watoto njia zao za kwenda shuleni na kuuliza ni wapi wanaogopa. Kisha wakaweka vitu vya kawaida: njia ya kutembea iliyotenganishwa na magari, matuta, vivuko vya milia, ishara, na nguzo fupi za kuzuia magari kupanda njia ya watoto.

Utafiti uliofanywa kuhusu mpango huo ulionyesha kwamba majeraha ya barabarani kwa watoto wa shule zilizoboreshwa yalipungua kwa takriban robo. Mwaka wa 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI. Hakukuwa na daraja la juu wala teknolojia ngeni. Kulikuwa na kutembea, kuuliza, kupima, kisha kujenga palepale palipo na hatari.

Nani ana jukumu gani?

Mara nyingi malalamiko hupotea kwa sababu yamepelekwa mlango usio wake. Kumbuka hivi:

Barabara kuu ya A1, pamoja na vivuko, matuta na ishara zake, iko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu za Kitaifa, KeNHA, iliyoundwa na Sheria ya Barabara ya Kenya ya 2007.

Barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na mpangilio wa usafiri wa umma katika kaunti ni kazi ya serikali ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba.

Kasi, ulevi na uendeshaji mbaya ni kazi ya polisi wa trafiki. Leseni na ukaguzi wa magari ni kazi ya NTSA.

Mkazi wa kawaida hahitaji kukariri yote. Ofisi ya msimamizi wa wadi ikipokea barua inayohusu A1, barua hiyo ielekezwe KeNHA, na nakala ibaki. Lililo muhimu ni barua hiyo iwe na hoja kamili. "Barabara yetu ni hatari" haimsaidii mhandisi. "Mbele ya shule, saa 12.30 hadi saa 1.30 asubuhi, tulihesabu watoto kadhaa wakivuka, lami ina upana wa hatua tisa, kwa sababu ya kona tunaona gari likiwa umbali wa hatua 80 tu, hakuna kivuko wala tuta" ni hoja ambayo ni vigumu kuipuuza.

Zoezi: ukaguzi wa kutembea

Kusanyeni watu watano au sita: mwalimu, mwendesha bodaboda, mchuuzi, mzee, mzazi, na mtu mwenye ulemavu. Huyo wa mwisho asikosekane, maana ataona msiyoyaona. Tembeeni pamoja kilomita moja mkiwa na daftari. Kwa kila mahali andikeni:

1. Ni sekunde ngapi zinahitajika na anayetembea polepole zaidi kuvuka?
2. Kutoka pale, barabara inaonekana hadi umbali gani kila upande?
3. Njia ya kutembea ina upana gani, na imezibwa na nini?
4. Kiti cha magurudumu kinaweza kupita kutoka mwanzo hadi mwisho? Kimekwama wapi?
5. Usiku kuna mwanga? Ishara na rangi zinaonekana?

Rudini kwa wakati mwingine wa siku, hasa jioni na wakati wa mvua. Kisha chagueni mahali patatu tu palipo na hatari kubwa zaidi. Orodha ya vitu thelathini huwekwa kwenye kabati. Orodha ya vitu vitatu hujadiliwa.

Pelekeni orodha hiyo kwenye baraza na kwenye mikutano ya kutoa maoni kuhusu bajeti. Kalenda ya bajeti ya kaunti iko kisheria: mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, waraka wa mwelekeo wa fedha kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Anayekuja Mei na ombi lake amekuta karibu kila shilingi imeshapewa kazi. Njooni mapema. Mkitaka, mnaweza pia kuwasilisha ombi la maandishi kwa serikali ya kaunti. Ni haki yenu chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012.

Kabla ya kungojea mtu yeyote

Anayetembea: pasipo na njia ya miguu, tembea upande wa kulia wa barabara ili uyaone magari yanayokuja. Usiku vaa nguo nyeupe au beba tochi. Usivuke mbele ya matatu iliyosimama, subiri iondoke.

Dereva na mwendesha bodaboda: simama kwenye kivuko mtu akiwa amekanyaga milia. Gari lililosimama mbele yako kivukoni usilipite. Limesimama kwa sababu ya mtu usiyemwona. Shusha abiria nje ya lami.

Mchuuzi na mjenzi: acha ukanda wa kupita. Funika mtaro ulioufungua.

Mzazi na mwalimu: tembea na mtoto njia yake mara moja, ujue anavuka wapi.

Na sisi sote, nyanya akisimama kando ya lami akitazama kulia, akitazama kushoto, tumpe sekunde zake tisa. Tukiwa na uhai, siku moja tutazihitaji sisi wenyewe.